Fundo la Jora la Zambarau

"Sasa hii kompyuta inamngoja nani?"

Bi Mkubwa aliniuliza hivyo akiwa nyuma ya kaunta ya duka lake la nguo, mikono kiunoni, na mimi nimeukodolea macho mduara mdogo uliokuwa ukizunguka katikati ya kioo. Nilikuwa na shahada ya kompyuta ambayo mama aliitia fremu na kuitundika sebuleni kwetu Jang'ombe, lakini mduara ule haukuijali.

"Haimngoji mtu, Bi Mkubwa," nilisema. "Inatafuta."

"Inatafuta nini muda wote huo? Nimeiuliza zambarau yamebaki majora mangapi. Sikuiuliza kiama ni lini."

Muuzaji wake mkuu, mwanamke wa Tumbatu mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, alicheka mpaka akakaa juu ya marobota. Nami nilicheka. Nilikuwa mgeni wa kazi, na mgeni wa kazi hucheka hata anapochekwa yeye.

Duka lenyewe liko Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Familia ya Bi Mkubwa imeuza nguo pale tangu bibi zake walipotoka Bara Hindi, na yeye amezaliwa ghorofani, juu ya duka hilo hilo. Alikuwa pia na ghala Jang'ombe, na duka dogo Kendwa la kuwauzia kanga na mashuka ya ufukweni wageni wa hoteli. Sehemu zote tatu zilitumia programu moja, nayo ilisoma na kuandika kwenye hifadhidata moja iliyokaa ghorofani. Programu hiyo sikuiandika mimi. Aliyeiandika alipata kazi Muscat, na namba yake ya simu ikaenda naye.

Kazi nilipatiwa na mama. Alikuwa shoga mkubwa wa yule dada wa Kitumbatu, na walau mara moja kwa wiki alipita dukani kushikashika vitambaa asivyonunua. Siku moja alirudi na kuniambia, "Mashine yao imekuwa nzito kama gunia la chumvi. Nimesema mwanangu anajua." Nikamuuliza amejuaje kwamba ninajua. Akanitazama kwa jicho lile ambalo mwalimu wangu wa chuo cha Qur'ani alinitazama nalo nilipokuwa mdogo, kila nilipouliza swali ambalo wenzangu hawakuliuliza, akasema niende tu.

Tabia hiyo ya kuuliza sijaiacha. Ndiyo iliyonifanya niipende hifadhidata ile, yenye nembo ya tembo, ambayo ni ya bure na kila mstari wa msimbo wake uko wazi kwa atakaye kuusoma. Haikwambii niamini. Inakwambia njoo utazame. Nikamwambia mama kwamba laiti watu wangekuwa hivyo, nisingekuwa na maswali mengi. Akasema laiti ningekuwa na maswali machache, labda ningekuwa na watu.

Bi Mkubwa alinipa muda wa majaribio. Alikuwa ameahidi kitambaa cha sare kwa harusi moja ya Bwejuu, na shangazi wa bibi harusi angekuja kukichukua Alhamisi. Sare ni sare: wanawake wa ukoo mzima wanashona kitambaa kimoja, na kitambaa hicho lazima kitoke kwenye shehena moja, maana jora la shehena hii na la shehena ile hata kama jina la rangi ni moja, juani zinaonekana rangi mbili. Kwa hiyo kila jora lilikuwa na namba yake na mstari wake kwenye hifadhidata. Shangazi alitaka zambarau, na alitaka majora yote ya zambarau.

"Alhamisi akija," alisema Bi Mkubwa, "na hii kitu bado inazunguka, nnaizima mbele yako na nnarudi kwenye kalamu. Na wewe utakwenda kwa amani, nami sitakusema popote. Umeelewa mwanangu?"

"Nimeelewa, Bi Mkubwa."

Nilielewa sana. Mama alikuwa ananitafutia kazi ya ofisini, ya serikali, yenye kiti kinachozunguka. Nikishindwa duka moja la nguo, kiti hicho nitakikalia.

Nikaanza kama nilivyofundishwa, kwa kumuuliza kila mtu. Kendwa walisema kwa simu ni mtandao. Dada wa Kitumbatu alisema ni husda, duka limetiwa jicho. Bi Mkubwa alisema jambo ambalo niliona ni la ajabu kuliko la husda.

"Uzito huu umekuja na betri."

Alikuwa amefungiwa betri kubwa, umeme ukikatika duka liendelee kufanya kazi. Zamani, alisema, umeme ulikuwa ukikatika, na ukirudi mashine zinakuwa nyepesi kama zimeoga. Tangu ije betri mashine hazizimiki, na hazijapata tena ule wepesi.

"Zinataka kupumzika," alisema. "Hata mimi nisipolala sifai."

Nilimweleza kwa upole kwamba hifadhidata haichoki, na kwamba betri haiwezi kulifanya swali liende polepole. Nikaongeza, ili aone nimesoma, kwamba mambo mawili kutokea pamoja si dalili kwamba moja limezaa jingine. Akasema, "Naam," kwa namna ya mtu anayemruhusu mtoto amalize kusema.

Nikachukua nakala ya hifadhidata nzima nikaenda nayo nyumbani. Kwenye kompyuta yangu ya mapajani, mezani kwetu Jang'ombe, swali lile lile la zambarau lilijibiwa kabla sijainua kidole. Nikaliuliza tena. Likajibiwa tena. Hifadhidata ile ina ustaarabu mmoja: ukiiomba, itakueleza mpango wake, yaani itapita njia gani kulitafuta jibu. Niliusoma mpango na sikuona kosa. Nikaongeza faharasa ya rangi, kama faharasa ya nyuma ya kitabu, ili isilazimike kupekua kurasa zote. Kesho yake nikaiweka faharasa hiyo dukani.

Bi Mkubwa akauliza swali. Mduara ukazunguka. Ukazunguka kidogo kuliko jana, labda.

"Imekuwa bora?" nilimuuliza.

"Jana nilikunywa kikombe kizima cha chai nikiingoja. Leo nimebakisha kidogo."

Hapo ndipo niliposhindwa kuelewa. Data ni ile ile, swali ni lile lile, nyumbani inaruka na dukani inatambaa. Nilianza kuitilia shaka mashine, waya, hata akili yangu. Sikujiuliza jambo moja rahisi: nyumbani niko peke yangu na nakala mpya iliyofunguliwa sasa hivi. Dukani kuna watu.

Alhamisi ikafika, na shangazi wa bibi harusi akafika nayo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye buibui la kumetameta. Tukamwamkia, akaitikia shikamoo zetu zote kwa marahaba moja, akakaa kwenye benchi, akaletewa soda ya tangawizi. Majora ya zambarau yakashushwa rafuni, yakapangwa kaunta. Dada wa Kitumbatu akaanza kuyauza kwenye kompyuta, jora baada ya jora. Yalikubali, polepole, lakini yalikubali. Hadi lilipofika la mwisho.

Mduara ukazunguka. Safari hii haukuwa wa polepole. Ulikuwa wa kutosimama.

"Mnauza au mnaomba dua?" aliuliza shangazi.

"Tunauza, bibi yangu, tunauza," alisema Bi Mkubwa, na akanigeukia kwa macho tu.

"Maana mimi gari linaningoja. Nikimaliza soda hii nnakwenda duka la pili, na haya mengine mtayarudisha. Siwezi kuwavisha nusu ya ukoo."

Nilimtazama. Alikuwa mnywaji wa haraka. Nikafungua kompyuta yangu, nikaingia kwenye hifadhidata na kuiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo siku ya kwanza. Sikuiuliza tena habari za vitambaa. Niliiuliza nani yumo humu ndani sasa hivi na anafanya nini.

Ikanipa orodha. Mmoja alikuwa anauza jora la zambarau na anangoja. Kendwa alikuwemo, ghala lilikuwemo. Halafu chini yao kulikuwa na safu ndefu ya miunganiko, yote kutoka mashine moja, na kila mmoja umeandikiwa hali ile ile: umeanzisha shughuli, haujaimaliza, haufanyi kitu. Wa zamani kuliko yote ulikuwa umekaa hivyo tangu wiki ile ile fundi alipofunga betri.

Nikahisi masikio yanapata moto. Betri.

"Hapa dukani kuna mashine nyingine?" niliuliza.

"Hakuna," alisema Bi Mkubwa.

"Ipo," nilisema. "Inaonekana hapa."

Dada wa Kitumbatu alikohoa. "Labda anasema ile ya mafundo."

"Ya nini?"

Alikwenda pembeni, kwenye meza ndogo ambayo kila siku niliipita nikidhani imewekwa cherehani. Akaondoa kanga. Chini yake kulikuwa na kompyuta kuukuu, inapumua taratibu, na kwenye kioo chake madirisha ya programu yamepangwa moja juu ya jingine kama sahani. Juu kabisa kumebandikwa karatasi: USIZIME.

Bi Mkubwa alishika kifua. "Si nilikwambia uitupe hii?"

"Nshaitupa, Bi Mkubwa. Nimeitupa hapa."

Akanieleza, na alivyoeleza ilikuwa kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa kujua. Duka lile lina desturi tangu enzi za bibi zake Bi Mkubwa. Mteja akipenda kitambaa na hajawa tayari, husema niwekee. Muuzaji huchukua pindo la jora akalifunga fundo, kama mwanamke anavyofunga kitu kwenye pindo la kanga, na kuanzia hapo hakuna anayeligusa mpaka aliyelifunga alifungue. Halihitaji maneno. Lakini tangu ije programu, Kendwa na ghala wakawa wanauza wasichokiona. Hawaoni fundo. Wakamuuzia mtu jora lenye mwenyewe, na aibu ikawa kubwa. Ndipo siku moja dada akagundua kwamba ukilifungua jora kwenye programu, ukabonyeza kitufe cha kuhariri halafu ukaliacha hivyo hivyo, hakuna mtu mwingine popote anayeweza kuliuza.

"Nikasema Alhamdulillahi, wametutilia na fundo humu ndani," alisema. "Basi kila nikiambiwa niwekee, pindo siligusi tena, nnafungua dirisha, nnabonyeza, nnaondoka. Umeme ukikatika yanafunguka yote, nami asubuhi nnakaa kuyafunga upya, mpaka vidole vinauma. Betri imeniokoa, wallahi."

Nilitamani kukasirika nikashindwa. Yule kijana wa Muscat aliweka kufuli pale ili watu wawili wasibadilishe jora moja kwa wakati mmoja, kufuli la kushikwa kwa muda wa kupiga chafya. Na huyu dada akaliona kwa macho ya duka lake, akaona fundo. Alikuwa hajakosea maana. Alikosea muda.

Na muda ndio uliokuwa ukituua. Hifadhidata ile, mtu akibadilisha kitu, haiufuti mstari wa zamani. Inauacha palepale na kuandika mpya, kisha mfagiaji wake wa ndani hupita baadaye kuizoa iliyokufa. Lakini mfagiaji huyo ana adabu nyingi. Akikuta mtu alianza shughuli yake zamani na hajaimaliza, hazoi kilichokufa tangu hapo, kwa kuchelea kwamba huenda huyo mtu bado anataka kukiona. Kila mita iliyouzwa Kendwa ilikuwa imeacha mstari mfu, na Bi Mkubwa alipouliza habari za zambarau, mashine ilikuwa inarukaruka juu ya maiti wa tangu ije betri. Umeme ulipokuwa ukikatika, mafundo yalifunguka na mfagiaji akapita. Alichokiona Bi Mkubwa kilikuwa kweli kabisa, na mimi nilimjibu kwa hotuba.

"Kwa hiyo ilikuwa betri," nilisema.

"Naam," alisema Bi Mkubwa, kwa namna ile ile.

"Soda inakwisha," alisema shangazi kutoka kwenye benchi.

Dada akakaa kwenye mashine yake, akaanza kuyafunga madirisha moja moja, akitaja: hili la mwalimu, hili la yule wa Kikwajuni, hili kashaghairi. Alikuwa na furaha kama anayefua nguo huku akipiga soga. Akafika dirisha la chini kabisa, akalisoma, akakumbuka, akatoa mkono.

"Hili hapana."

Nilichungulia. Ndilo lenyewe. Jora la mwisho la zambarau, fundo la kwanza kabisa.

"Dada, hilo ndilo analolingoja shangazi."

"Lina mwenyewe."

"Nani?"

"Mwenyewe yupo."

"Yuko wapi? Mbona haji kulichukua?"

"Maswali yako peleka mahakamani. Mtu kaniambia niwekee na usimwambie mtu. Mimi ni mtu wa kufunga fundo, si wa kutangaza."

"Naweza kulikata kutoka hapa," nilisema, nikimwonyesha kompyuta yangu. "Amri moja tu."

Akaweka kiganja juu ya kompyuta yangu, akaifunika kidogo kidogo mpaka nikatoa vidole. "Na mimi naweza kukunyima chai humu dukani mpaka uolewe. Tuone nani ataumia zaidi."

Nikamgeukia Bi Mkubwa, naye akajitia kukunja vitambaa vya kaunta. Hilo lilinishangaza. Duka lake, ahadi yake, mteja wake yuko kwenye tone la mwisho la tangawizi, na hakunitetea, kwa sababu fundo lilikuwa fundo na kwenye duka lile hata mwenye duka hafungui asilolifunga.

"Mpigie basi," aliishia kusema. "Mwambie kuna harusi ya watu."

Dada akatoka mlangoni na simu. Alizungumza kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza. Mara moja aligeuka akanitazama, kisha akageukia uchochoroni tena. Aliporudi alikuwa anatabasamu upande mmoja.

"Kasema lifunguliwe. Harusi ya Bwejuu ina tarehe, yake haina."

Akalifunga dirisha. Nyuma yake, kwenye kaunta, mduara ukaacha kuzunguka na jora likauzika, hivi, kama si lenyewe. Shangazi akaweka chupa chini.

"Kumbe mnaweza," alisema.

Vijana wa gari wakabeba majora. Nikaiamuru hifadhidata ifagie, na ilipomaliza nikamwomba Bi Mkubwa aulize chochote anachotaka. Akauliza zambarau yamebaki majora mangapi. Kabla hajaondoa kidole, jibu lilikuwa hapo: hakuna.

"Sasa ina haraka mpaka inakata maneno," alisema, na kesho yake nikaanza kulipwa mshahara.

Baada ya hapo niliweka sharti kwenye hifadhidata kwamba anayeanzisha shughuli na kuisahau akatwe baada ya dakika chache. Lakini sikuweza kuwaondolea watu fundo na kuwaachia hewa, basi nikatengeneza kitufe kipya kilichoandikwa Fundo. Ukikibonyeza, jora linapata alama ambayo Kendwa na ghala wanaiona, bila kumzuia mfagiaji. Nikaweka na nafasi ya kuandika jina la aliyewekewa. Dada alikipenda sana kitufe. Katika nafasi ya jina, kila mara, huandika: mwenyewe yupo. Tumelibishania jambo hilo kwa miaka, na mimi ndiye ninayeshindwa.

Jioni ile ya Alhamisi nilimsimulia mama, nikiigiza sauti zote, mpaka ile ya shangazi. Alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo. Halafu akauliza, "Na lile la zambarau, limetosha kweli harusi yao?" Nikasema limetosha. "Rangi nzuri ile," alisema, akaenda kuangalia sufuria.

Nilikuwa na maswali ya kila kitu siku hizo, na hilo halikunifanya niulize lolote.

Miaka imepita, na juzi nilikwenda dukani kwa shughuli nyingine, kuchagua sare ya harusi yangu kama mteja yeyote; na atakayeniuliza nimejuaje kwamba mchumba huyu ndiye, mimi naye tumeshaulizana maswali ya kutosha. Mama alikuwa pembeni anashikashika vitambaa. Dada wa Kitumbatu akalishusha jora moja la zambarau, shehena mpya, akalitupa kaunta likajikunjua, akamwambia mama juu ya kichwa changu:

"Haya shoga, hili sasa lina tarehe. Si kama lile ulilonifungisha kabla hata mwanao hajaanza kazi hapa."